Miembe ya Ujiji na Ufuko Uliohama

Njia mbili kubwa zitokazo bara, moja ikipita Kasulu katika nchi ya Waha na nyingine ikipita Uvinza penye chumvi, hukutana Kidahwe. Kutoka hapo barabara ni moja tu, nayo huelekea magharibi mpaka Ziwa Tanganyika. Msafiri wa siku hizi humaliza mwendo huo kwa muda mfupi ndani ya gari. Msafiri wa karne ya kumi na tisa aliteremka katika vilima vya upande huo kwa miguu, mwengine na mzigo kichwani, mwengine na mnyororo shingoni, akavuka bonde la mto Luiche, na hatimaye akaona maji yaking'aa kati ya majani ya michikichi. Hapo ndipo palipokuwa Ujiji, mwisho wa nchi kavu kwa mtu atokaye pwani, na mlango wa Manyema kwa mtu aendaye ng'ambo.

Katika mji huo wa Ujiji, kilomita chache kusini ya Kigoma, upo uwanja mmoja wa ukumbusho ambao umekwisha kuwa kama bustani ya watu wote. Ndani yake ipo miembe yenye kivuli kizito, lipo jiwe lililochorwa ramani ya Afrika na msalaba juu yake, na ipo nyumba ya makumbusho. Wanafunzi hupelekwa hapo kusomeshwa, wageni huenda kupiga picha, na kila mmoja huambiwa habari ile ile: kwamba mahali hapo, chini ya mwembe, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mwaka 1871. Habari hiyo ni maarufu hata imefunika habari nyingine zote za mahali hapo. Lakini uwanja huo una mashahidi wengine wasiosema Kiingereza wala Kiswahili, nao ni miti yenyewe na ufuko wa ziwa. Ushahidi wao haujasikilizwa vya kutosha, na mara nyingine hausemi sawa na jiwe.

Yafaa kwanza kutofautisha bustani ya namna hii na bustani za serikali. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wadachi mwaka 1893, kwa shabaha iliyojulikana tangu mwanzo: kujaribu mazao na miti ya kigeni ambayo ingeweza kuleta faida katika koloni. Ilikuwa na wataalamu, vitalu na daftari za miche. Uwanja wa Ujiji haukupata mtaalamu wala ramani. Ulitengenezwa na mambo matatu yaliyokutana bila ya kupatana: misafara ya biashara iliyoleta mwembe, tabia ya ziwa iliyopandisha na kuteremsha ufuko, na kumbukumbu ya watu iliyokataa kuuacha mti ufe na habari yake. Kila moja katika mambo hayo matatu lina historia yake.

Mwembe si mti wa asili ya Afrika. Asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo mashariki yake, na jina embe lenyewe limetoka huko pamoja na tunda. Katika pwani ya Afrika Mashariki tunda hili lilijulikana zamani sana. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alikuta watu wakila wali kwa achari ya embe. Lakini kati ya mwambao na Ziwa Tanganyika pana mwendo ambao kwa hesabu ya misafara ya zamani ulikuwa wa miezi, wala si wa siku. Hapa elimu ya mimea ina neno la kusema. Kokwa la embe si kama punje ya mtama iwezayo kuwekwa ghalani mwaka mzima. Likikauka hupoteza uhai wake, na kwa kawaida halidumu zaidi ya majuma machache. Mtu aliyekula embe Bagamoyo na kulitia kokwa katika mkoba wake asingeweza kulipanda Ujiji likaota.

Basi mwembe haukusafiri kama bidhaa. Ulisafiri kama mtu ahamaye. Ulikwenda kituo kwa kituo. Yumkini ulipandwa kwanza katika vituo vya karibu na pwani, ukazaa. Makokwa yake yakachukuliwa mbele, yakapandwa, yakazaa. Mpaka mti ukafika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na kutoka hapo ukafika ziwani. Na mwembe uliopandwa kwa kokwa huchukua miaka mitano, sita au zaidi kabla ya kutoa tunda la kwanza. Kwa hiyo kila hatua ya safari hiyo ilidai subira ya miaka. Mstari wa miembe inayoonekana hata leo katika njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Tabora mpaka Ujiji, ni kama maandishi yaliyoandikwa polepole na mikono mingi isiyojuana.

Ipo hadithi isemwayo mara nyingi, kwamba miembe hiyo iliota kwa makokwa yaliyotupwa na watumwa walipokuwa wakipita njiani. Hadithi hiyo ina huruma ndani yake, na si lazima iwe ya uongo katika kila mahali. Lakini tabia ya kokwa yaonyesha kwamba haitoshi kueleza habari yote. Watumwa wa njia hiyo walitoka bara kwenda pwani, na mwembe ulitoka pwani kwenda bara. Mmoja alikuwa akishuka, mwengine akipanda. Mti wa kigeni ulioletwa dhidi ya mkondo wa watu unahitaji mpandaji mwenye nia. Na apandaye mwembe amekusudia kukaa, au angalau ana yakini kwamba atarudi.

Jambo hili lina maana kubwa kwa tarikhi ya Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwezi wa Februari mwaka 1858. Burton aliandika kwamba Waarabu walikuwa wamefika mara ya kwanza kiasi cha mwaka 1840, lakini hawakupenda kukaa. Waliiona hali ya hewa kuwa mbaya na wenyeji kuwa wagumu, nao walikuja katika majira ya kiangazi kwa biashara kisha wakaondoka. Miaka kumi na mitatu baadaye, Stanley alikuta mambo yamegeuka. Palikuwa na nyumba za tembe zenye baraza pana, wafanya biashara wakaao na jamaa zao, watu wa pwani walioitwa waungwana, na Mwinyi Kheri aliyetambuliwa kuwa mkubwa wao. Ikiwa wakati huo palikuwa na mwembe mkubwa wa kutosha watu kukusanyika kivulini pake, mti huo haukosi kuwa ulipandwa katika miaka ya 1850, au mwanzoni mwa miaka ya 1860. Maana yake ni kwamba mwembe ulitia mizizi Ujiji katika miaka ile ile ambayo mji wa Kiswahili ulitia mizizi hapo. Vitabu vya wasafiri vyatuonyesha biashara. Mwembe waonyesha makazi.

Kando ya mwembe mgeni husimama mchikichi mwenyeji. Mti huu hupendelea magharibi na katikati ya Afrika, na ufuko wa Tanganyika ni katika mipaka yake ya mashariki. Mawese yake yalikuwa chakula, taa na bidhaa ya Ujiji kabla ya mtu yeyote wa pwani kulijua ziwa, na mpaka leo jina la Kigoma halitajwi sokoni bila ya mawese kutajwa. Wasafiri wa kwanza, waliokuwa wamepita nyika kwa miezi, wote walishangazwa na michikichi hii. Lakini mchikichi haukupewa jiwe la ukumbusho. Kazi uliyopewa na historia ilikuwa nyingine, nayo ni ya kupima ziwa.

Stanley alipokaa na Livingstone mwaka 1871 alikuwa akitembea naye asubuhi juu ya mchanga wa ufuko, na katika soko la Ujiji palikuwa na michikichi mitatu aliyoikumbuka vema. Aliporudi mwaka 1876 katika safari yake ya pili aliikuta michikichi hiyo imesimama ndani ya maji, na ufuko waliokuwa wakiutembea umezama. Ziwa lilikuwa limepanda. Kwa mtu mwengine hilo lingekuwa ajabu la kusimulia tu. Stanley alilifanya kuwa swali. Maji ya ziwa kubwa namna hii, lenye urefu wa karibu kilomita 670 na kina kipatacho mita 1,470, hutoka wapi na huenda wapi?

Swali hilo lilikuwa na wakubwa wake. Livingstone na Stanley walikuwa wameondoka Ujiji kwa mtumbwi mwezi wa Novemba 1871 kwenda kaskazini kutazama mto Rusizi, wakaona kwamba unaingia ziwani wala hautoki. Hivyo tumaini la kwamba Tanganyika ni chimbuko la Nili likapata pigo. Verney Lovett Cameron, mwaka 1874, aliuona mlango wa mto Lukuga katika ufuko wa magharibi, akasema ndio mtoko wa ziwa. Stanley alipoufikia mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mafunjo, maji hayaendi. Akahukumu kwamba ziwa litaendelea kupanda mpaka lishinde kizuizi hicho, ndipo litakapotoka tena. Hukumu hiyo haikukawia kutimia. Edward Hore, baharia wa Chama cha Wamisionari cha London, alifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878, na mwaka 1879 alikwenda Lukuga akakuta mto unatiririka kwa nguvu kuelekea Kongo. Kizuizi kilikuwa kimevunjika.

Tangu hapo ziwa likaanza kushuka, na kufikia miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka kiasi cha mita 10. Ziwa lenye kingo za mawe yaliyosimama wima lingeweza kushuka mita 10 na mtu akiwa nyumbani kwake asione tofauti kubwa ila alama nyeupe juu ya majabali. Ujiji haiko hivyo. Ardhi yake huteremka kidogo kidogo, na upande wa kusini mto Luiche umemwaga mchanga na tope kwa karne nyingi. Katika ardhi ya namna hiyo kila mita moja ya maji yanayoshuka huacha nchi kavu kubwa mbele yake. Mji ambao watu walikuwa wakitia nanga mlangoni mwao ukajikuta unasukumwa bara pasipo kuhama. Ndiyo sababu mgeni asimamaye leo mbele ya jiwe la ukumbusho huona shida kuamini kwamba mahali hapo palikuwa jirani na maji. Kuna nyumba, njia na mashamba kati yake na ufuko.

Kushuka huko kwa maji kulikata pia bahati ya mji. Ujiji haukuwa na ghuba ya kuukinga na pepo za ziwa; ulikuwa na ufuko wazi uliofaa mitumbwi na majahazi yaliyoweza kuvutwa mchangani. Wadachi walipotaka bandari ya meli kubwa waliiacha Ujiji wakachagua ghuba ya Kigoma, yenye maji mengi karibu na nchi kavu na vilima vya kuikinga. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata meli iliyoitwa Graf von Götzen, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikaitwa Liemba, ilishushwa majini hapo hapo Kigoma. Soko lililokuwa likitumia shanga za sofi kuwa fedha, na ambalo lilikusanya chumvi ya Uvinza, mawese ya Ujiji, pembe za ndovu za Manyema na wanadamu walionyang'anywa uhuru wao, lilipoteza nafasi yake. Yaliyobaki ni misikiti, mitaa, lugha na miembe.

Hapo ndipo jambo la tatu, yaani kumbukumbu, lilipoanza kufanya kazi yake. Na hapo ndipo panapohitaji uangalifu, kwa sababu kumbukumbu na ushahidi si kitu kimoja.

Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872, Stanley ameeleza mkutano huo kirefu. Msafara uliingia mjini bunduki zikipigwa na bendera ya Marekani ikitangulia. Susi, mtumishi wa Livingstone, alitoka akamsalimu mgeni kwa Kiingereza, kisha akakimbia kumwarifu bwana wake. Wakubwa wa mji, miongoni mwao Muhammad bin Gharib aliyekuwa amemsaidia Livingstone katika safari nyingi, walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba. Wageni hao wawili walipeana mikono. Kisha Livingstone akamwelekeza mwenzake kwenye baraza ya udongo, chini ya makuti mapana ya paa, wakaketi juu ya mkeka na ngozi ya mbuzi, wakazungumza mpaka mchana kwisha. Katika maelezo hayo kitu kinachokaa mbele ni baraza. Mwembe ulioshika nafasi ya kwanza katika jiwe hauna nafasi hiyo katika kitabu.

Si hayo tu yanayotaka kupimwa upya. Hesabu za siku za watu hao wawili hazilingani: Stanley alitoa tarehe 10 Novemba 1871, nayo ndiyo iliyochongwa, lakini shajara ya Livingstone yaonyesha siku za mwisho za Oktoba. Hata ile salamu mashuhuri, ambayo dunia nzima huitaja kila jina la Ujiji litajwapo, imetiliwa shaka. Tim Jeal, katika kitabu chake juu ya maisha ya Stanley kilichotoka mwaka 2007, alieleza kwamba kurasa za shajara zenye habari za mkutano huo zilichanwa, na akaona yaelekea maneno hayo yalitungwa baadaye. Basi katika mambo matatu ambayo kila mwanafunzi hufundishwa chini ya miembe ya Ujiji, yaani mti, tarehe na salamu, hapana hata moja lisilo na mashaka.

Je, mashaka hayo yaondoe miembe? La. Mti na baraza si vitu vinavyopingana. Ua wa nyumba ya Ujiji huweza kuwa na vyote viwili, na watu waliosimama mbele ya nyumba saa ya jua kali hawakukosa kutafuta kivuli. Tena ni rahisi kufahamu kwa nini kumbukumbu ilishika mti ikaacha baraza. Baraza ya udongo hutaka kukandikwa kila mwaka, na mwenye nyumba akiondoka, mvua chache huirudisha katika ardhi. Mwembe haumhitaji mtu. Nyumba zilipobomoka na ufuko ulipohama, mti ndio uliobaki wa kuonyeshwa kidole. Watu wa Ujiji hawakuwa na hati za kuonyesha mahali palipotokea jambo. Walikuwa na mti, nao waliutumia kama wengine watumiavyo hati.

Lakini mti nao hufa. Jiwe lenyewe lakiri jambo hili, kwani maneno yake yasema juu ya mwembe uliokuwapo hapo wakati ule. Miembe inayotoa kivuli leo ni mingine, na husimuliwa kwamba imetokana na ule wa kwanza. Mtu mwenye haraka aweza kucheka kwamba wageni hupigwa picha na mti usio wenyewe. Elimu ya mimea haimruhusu kucheka upesi hivyo. Mti uliopandikizwa kwa kikonyo cha mti mwengine si mtoto wake tu. Tawi lake ni mwili ule ule wa mti wa zamani ulioendelezwa juu ya shina jipya. Tena zipo aina za maembe ambazo kokwa lake moja hutoa miche zaidi ya mmoja, na mingi katika miche hiyo hufanana na mama kwa kila jambo, bila ya kuchanganya damu ya mti mwengine. Kwa hiyo ikiwa masimulizi ya Ujiji ni ya kweli, basi mwembe wa 1871 haujafa kabisa. Hili si jambo la imani peke yake. Siku hizi linaweza kuchunguzwa kwa kulinganisha miembe hiyo na miembe mikongwe ya Tabora na ya njia nzima, na uchunguzi kama huo ungeweza kuonyesha hata njia ambayo mwembe ulipita kutoka pwani.

Kuna mti mwengine ambao yapasa kutajwa pamoja na huu. Livingstone alikataa kurudi kwao na Stanley. Waliondoka Ujiji pamoja mwezi wa Desemba 1871 mpaka Unyanyembe, wakaagana huko mwezi wa Machi 1872. Mei 1873 alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti mkubwa, na Jacob Wainwright akachonga maandishi katika gome lake. Kisha walikausha maiti, wakaichukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874; na tarehe 18 Aprili mwaka huo ikazikwa Westminster Abbey, London. Mti wa Chitambo ulipoanza kuoza ulikatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kuhifadhiwa. Hivyo miti miwili ilishiriki habari ya mtu mmoja, na kila mmoja ulipata mwisho wake. Mti wa Chitambo ulihifadhiwa kwa kukatwa. Sasa ni ubao uliokauka katika nyumba ya mbali. Mwembe wa Ujiji ulihifadhiwa kwa kupandwa upya; nao huzaa kila msimu, watoto wakaokota.

Tofauti hiyo yafundisha namna mbili za kutunza historia, na kila moja ina hasara yake. Ubao wa London hauna shaka: maandishi yapo, mkono uliochonga wajulikana. Lakini hauko mahali pake. Mwembe wa Ujiji uko mahali pake, lakini ushahidi wake wahitaji kuelezwa na mtu. Na anayeeleza ndiye anayechagua majina ya kutaja. Jiwe limetaja mawili. Halikumtaja Susi, ambaye bila ya mbio zake asubuhi ile hapangekuwa na mkutano wa kusimuliwa. Halikuwataja wapagazi waliobeba mizigo ya Stanley kutoka Bagamoyo kwa zaidi ya miezi saba, na wengine wakafia njiani. Halikutaja kwamba Livingstone alifika Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na fukara, bidhaa zake zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Wala kwamba moyo wake ulikuwa umejaa huzuni ya Nyangwe, ambako tarehe 15 Julai mwaka huo aliwaona watu wa bunduki wakiwaua mamia sokoni, wengi wao wanawake. Habari za mauaji hayo, zilizopelekwa na Stanley pamoja na barua, ziliongeza nguvu ya madai yaliyomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja mwezi wa Juni 1873. Kwa hiyo jambo kubwa lililotoka Ujiji mwaka ule halikuwa salamu ya watu wawili. Lilikuwa ni ushahidi juu ya watu wasiohesabika ambao waliteremka katika ufuko ule ule wamefungwa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya utumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hatua hiyo iliirudisha Ujiji katika ukoo wake. Uwanja wa miembe hausomeki vema ukiwa peke yake, kama vile ukurasa wa mwisho wa kitabu usivyosomeka bila ya zile zilizotangulia. Mwembe wa Ujiji ni ndugu wa miembe ya Mpwapwa na Tabora, na wote wamepandwa na mikono ya njia moja, njia iliyoleta tunda upande mmoja na kuchukua watu upande mwengine.

Ziwa nalo halijamaliza kusema. Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda upesi, likafika kilele mwaka 1964, kisha likarudi. Kuanzia mwaka 2020 hadi 2024 lilipanda tena, likaingia katika nyumba, magati na masoko ya ufukoni katika Kigoma, Burundi na Kongo. Watu wengi walihamishwa, na barabara zilizojengwa karibu na maji zikazama. Wazee waliokumbuka 1964 hawakushangaa kama vijana. Na mtu aliyesoma habari ya michikichi mitatu ya Stanley asingeshangaa hata kidogo. Ardhi iliyo kati ya jiwe la ukumbusho na maji ni ardhi ya kuazima: ziwa liliiacha baada ya 1878, na hati ya kuimiliki halijaitoa kwa mtu. Kujenga juu yake bila ya kuijua historia hiyo ni kumkopa mtu mwenye kumbukumbu ndefu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa uwanja huu kwa wanafunzi. Ukisomwa kama mahali pa salamu ya wageni wawili, somo lake hwisha kwa dakika tano, tena limejengwa juu ya tarehe yenye shaka na maneno yenye shaka zaidi. Ukisomwa kwa miti yake na ufuko wake, huonyesha mambo ambayo hayana shaka: kwamba watu wa pwani walikuja kukaa, wala si kupita tu; kwamba maji yalipanda, yakavunja Lukuga, yakashuka, yakaondoka na bandari; kwamba mji ulipungua kwa sababu ya mteremko wa ardhi yake kama ulivyopungua kwa sababu ya amri za watawala; na kwamba kumbukumbu ya watu wa Ujiji ilijua kuchagua kitu kiwezacho kuzaa.

Kazi iliyobaki si kubwa wala ya gharama. Kila mwembe wa uwanja huo ungefaa kuandikiwa habari yake: umepandwa lini, umetoka katika mti gani, umepandwa na nani. Alama ya kimo cha maji cha mwaka 1878 ingefaa kuwekwa katika ardhi, ili mtoto aweze kusimama juu yake na kuyatazama maji ya leo yalivyo mbali, au yalivyo karibu. Na majina ya Susi, Chuma na wapagazi yangefaa kusomwa kwa sauti pamoja na yale mawili yaliyochongwa. Yakifanyika hayo, msafiri atakayeteremka kutoka Kidahwe hataenda Ujiji kutazama mti ambao watu wawili walisimama chini yake. Ataenda kutazama mti ambao chini yake mji mzima ulisimama, na ufuko ambao mji huo ulisimama juu yake, mpaka maji yalipoondoka.